Mvuke upo tele Eburru, kinachokosekana ni baridi

NA MWANDISHI WETU

Alfajiri ndiyo saa ya mavuno Eburru. Kabla jua halijachomoza upande wa Kinangop, weupe wa mvuke huwa umetanda juu ya mashamba ya viazi na mahindi, na kwenye miteremko husikika maji yakidondoka ndani ya tangi. Hakuna mto karibu, wala chemchemi. Maji hayo yanatoka kwenye bomba lililochomekwa ardhini, na kilichoingia kwenye bomba hilo upande wa pili ni mvuke mtupu.

Mtambo wenyewe hauhitaji fundi wa mbali. Tundu au ufa unaofuka huchimbwa ukapanuliwa kidogo, ukafunikwa kwa mawe, mabati na udongo ili mvuke usitawanyike. Bomba hutolewa ubavuni, likapitishwa hewani kwa mita kadhaa na kushuka hadi kwenye tangi au pipa. Mwanzo wa bomba haushikiki kwa moto. Mwisho wake ni vuguvugu, na kwenye ncha yake huning'inia tone, likajaa, likadondoka, na jingine likaanza.

Rudi pale saa sita mchana. Jua li utosini, upepo umetulia, na matone yamekuwa ya kuhesabu. Mama aliyefika na mitungi yake miwili atangoja sana. Tundu bado linafuka kama lilivyofuka usiku, kwani volkano haijui saa. Mvuke haujapungua hata kidogo. Kilichopungua ni baridi, na bila baridi mvuke hauna sababu ya kurudi kuwa maji.

Hapo ndipo lilipo suala zima la maji ya Eburru. Wanaolizungumzia hubishana kuhusu vyanzo, mabomba na visima, ilhali chanzo kipo na kinafuka mchana na usiku. Linalohitaji kutatuliwa ni jinsi ya kuuvua mvuke joto lake kwa haraka, kwa bei nafuu, na kwa namna itakayoacha maji yanayofaa kunywewa.

Mlima usio na mto

Eburru iko katika Kaunti ya Nakuru, kaskazini magharibi mwa Ziwa Naivasha. Ni volkano iliyolala ndani ya Bonde la Ufa, na kilele chake kinapita mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha na msitu upo, lakini ardhi yake ni ya majivu na mawe mepesi ya volkano yaliyojaa vinyweleo. Maji ya mvua huzama moja kwa moja hadi kina kirefu, yakakutana na miamba ya moto, na sehemu yake hurudi juu ikiwa mvuke kupitia nyufa.

Kwa hiyo mkulima wa hapa anaishi juu ya maji asiyoyafikia. Akichimba kisima, anaweza kukutana na joto kabla ya kukutana na maji. Akitegemea mabati ya paa, tangi linakauka kiangazi kikirefuka. Akituma punda au bodaboda kuteremka hadi kwenye maji ya kununua, kila mtungi wa lita 20 unakula pesa za unga.

Ujuzi wa kukinga mvuke si wa jana. Walowezi wa Kizungu waliolima hapa wakati wa ukoloni waliutumia kupata maji, na mvuke huohuo ukaendesha mtambo wa kukaushia maua ya pareto ambao wenyeji waliendelea kuutumia miongo mingi baada ya walowezi kuondoka. Kusini zaidi, kwenye Mlima Suswa, Wamaasai nao huchomeka mabomba kwenye matundu ya mvuke ili kupata maji ya kunywa na ya kunyweshea mifugo. Kaskazini kabisa mwa Bonde la Ufa, nchini Ethiopia, wafugaji wa Kiafar hujenga marundo ya mawe juu ya matundu kama hayo na kuyakinga maji yanayotona.

Serikali nayo iliiona Eburru, ila iliona umeme. Visima 6 vya uchunguzi vilichimbwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2012 kampuni ya KenGen ikazindua mtambo mdogo wa megawati 2.5. Tangu hapo mlima umekuwa na matumizi mawili ya mvuke yanayokaa jirani: moja la waya za umeme, jingine la mitungi.

Kinachotokea ndani ya bomba

Ukikaribia mdomo wa tundu lenye nguvu, utaona jambo ambalo wengi hulipita. Pale mvuke unapotoka, upana wa vidole vichache, hakuna kinachoonekana. Weupe huanzia juu kidogo. Mvuke halisi hauonekani kwa macho. Ule weupe tunaouita mvuke ni matone madogo mno ya maji ambayo tayari yamekwisha kutona hewani, yakishika vumbi na chembechembe. John Aitken wa Scotland alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba hewa isiyo na vumbi hukataa kufanya ukungu hata ikijaa unyevu, kwa sababu tone changa likiwa peke yake hutawanyika upesi kuliko linavyokua. Linahitaji mahali pa kushika. Ndani ya bomba mahali hapo ni ukuta wa bomba lenyewe.

Kwenye maji, molekuli zimekaribiana na kuvutana. Kwenye mvuke zimeachana mbali, kila moja ikienda mbio zake. Usawa wa bahari, lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke hujaza nafasi ya lita 1,670 hivi. Kuziachanisha molekuli kiasi hicho kunagharimu nishati nyingi, na gharama hiyo ndiyo siri ya habari yote hii.

Kupasha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 kunahitaji kilojuli 335 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke, bila kipimajoto kupanda hata nyuzi moja, kunahitaji kilojuli 2,257 zaidi. Ni karibu mara saba. Nishati hiyo haionekani kwenye kipimajoto, ndiyo maana wanasayansi huiita joto fiche. Imejificha ndani ya mvuke, na inasafiri nao.

> Mvuke hauwezi kurudi kuwa maji mpaka upate pa kulitua joto ulilolibeba.

Sasa mvuke unagusa ukuta uliopoa. Molekuli zinazougonga hupoteza mwendo, mvuto kati yao unashinda, zinashikana. Wakati huohuo nyingine zinachomoka kurudi mvukeni, kwa maana kuondoka na kurudi hakukomi. Ukuta ukiwa baridi, zinazorudi ni nyingi kuliko zinazoondoka, na tone linakua. Ukuta ukipata moto kama mvuke wenyewe, hesabu zinalingana na tone halikui tena. Hiki ndicho wanafunzi wanachofundishwa shuleni kwa jina la mtonesho.

Kila tone linalokua linaachilia joto lake fiche kwenye ukuta. Chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji pale Mombasa hutokwa na jasho kwa sababu hiyohiyo, na matone yale yanaipasha soda moto haraka kuliko hewa pekee ingeweza. Ndiyo sababu pia mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto: ukitua kwenye ngozi unageuka maji papo hapo na kumwaga kilojuli zote zile kwenye kiganja. Watoto wanaotumwa kuteka maji kwenye matundu haya wanapaswa kuambiwa jambo hilo kwanza kabla ya lingine lolote.

Kwenye miinuko ya Eburru maji huchemka karibu nyuzi 92, kwa sababu shinikizo la hewa huko ni dogo kuliko Pwani. Hilo halibadilishi mengi. Joto fiche ni karibu lilelile, na kazi ya bomba ni ileile: kulipokea joto hilo kutoka ndani na kulitupa nje.

Somo la Glasgow

Mtu wa kwanza kulipima joto hili kwa makini alikuwa Joseph Black, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Glasgow, mwanzoni mwa miaka ya 1760. Chuoni hapohapo alikuwako fundi wa vyombo aliyeitwa James Watt, akihangaika na mfano wa mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen.

Mashine ya Newcomen, iliyoanza kazi mwaka 1712, ilijaza silinda mvuke kisha ikamwagia maji baridi humohumo. Mvuke ulipotona, nafasi ilibaki karibu tupu na hewa ya nje ikaisukuma pistoni. Ilifanya kazi, lakini ilikula makaa ya mawe bila huruma, maana silinda ilipozwa na kupashwa upya kwa kila mpigo. Mwaka 1765 Watt akapata jibu: silinda ibaki moto daima, mvuke upelekwe kutona kwenye chombo kingine kinachobaki baridi daima. Aliisajili hataza yake mwaka 1769, na viwanda vya Uingereza vikabadilika.

Naileta habari hii kwa sababu mtambo wa Eburru unafuata kanuni hiyohiyo, ingawa aliyeuchimba hakuisoma popote. Mdomo wa tundu uachwe uwe moto. Bomba ndilo lipoe, tena likae mbali na ardhi inayofuka. Mitambo mingi isiyotoa maji ya kutosha imekosea hapo: bomba limelazwa chini, juu ya udongo wenye moto wake, au limefunikwa kwa mchanga, au ni fupi kiasi kwamba sehemu kubwa ya mvuke inatoka upande wa pili ikiwa bado mvuke na kupotelea angani.

Hesabu ya mitungi mitano

Tuseme familia inataka lita 100 kwa siku, yaani mitungi 5. Katika nyuzi 92, kila lita inayotona inaachilia takriban kilojuli 2,280. Kwa lita 100 hizo ni kilojuli 228,000, sawa na kutupa joto la kilowati 2.6 bila kupumzika kwa saa 24. Mtu anayenunua umeme kwa tokeni ataielewa vizuri zaidi akiambiwa hivi: kuzichemsha lita hizo zote mpaka zikauke kungemla zaidi ya yuniti 70 kwa siku. Eburru, ardhi inazitoa yuniti hizo bila kudai senti.

Mlima unatoa joto bure, na mwenye bomba anabaki na kazi ya kulipoza. Usiku, hewa ikiwa na nyuzi 15 na bomba likiwa karibu nyuzi 90, kila mita moja ya mraba ya uso wa bomba inaweza kutupa wati 800 hivi kwa hewa na kwa mnururisho. Kwa hesabu ya karatasini, familia yetu inahitaji mita za mraba 3 na robo. Bomba la inchi 4 lina uso wa kama theluthi moja ya mita ya mraba kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo mita 10 zingetosha.

Shambani hazitoshi. Mvuke wa matundu umechanganyika na hewa na gesi nyingine, jua la mchana linapunguza kazi, na sehemu ya mvuke inavuja kandokando ya mabati. Mwenye busara ataweka mara mbili yake, mita 20 au zaidi, na bado atakuwa ametumia pesa kidogo kuliko gharama ya kisima kirefu.

Watu wengi huamini kwamba siri ni kupata bomba la chuma, kwa kuwa chuma hupitisha joto. Ni kweli chuma hupitisha joto vizuri kuliko plastiki, lakini ukuta wa bomba ni mwembamba na si hapo joto linapokwama. Linakwama nje, kwenye hewa iliyotulia, ambayo hupokea joto polepole mno. Kwa hiyo kinacholipa ni uso mpana, upepo na kivuli. Bomba liinuliwe juu ya vigingi mahali pa upepo. Likiwezekana, ligawanywe kuwa mabomba mawili matatu membamba badala ya moja nene, ili uso uongezeke. Chuma kina faida nyingine, kwamba hakilegei. Bomba la kawaida la plastiki huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, likapinda na kuweka maji bondeni. Mita za kwanza ziwe za chuma.

Kisha kuna rangi. Bati jipya linalong'aa hunururisha joto kwa shida. Likipakwa rangi ya kawaida hunururisha vizuri zaidi, na rangi ikiwa nyeupe hulikataa jua pia. Kopo moja la rangi nyeupe kwenye bomba lililo juani saa sita ni msaada mkubwa kwa yule mama anayengoja na mitungi yake.

> Kuchemsha na kukausha lita 100 za maji kungemla mwenye nyumba zaidi ya yuniti 70 za umeme kwa siku. Eburru, ardhi inazitoa bure.

Gesi inayoziba njia

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Mvuke wa volkano huja na gesi ambazo hazitoni: kaboni dioksaidi hasa, na salfidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Mvuke unapogeuka maji kwenye ukuta, gesi hizi zinabaki zimesimama palepale zilipoletwa, zikafanya utando kati ya ukuta na mvuke unaofuata. Mvuke mpya inabidi upenye utando huo kwanza.

Madhara yake ni makubwa kuliko mtu angedhani. Mwaka 1929 Donald Othmer alionyesha kwa majaribio kwamba hewa ya nusu asilimia tu ndani ya mvuke inaweza kupunguza kazi ya mtonesho kwa karibu nusu. Ndiyo maana bomba lililozibwa kabisa upande wa tangi, kwa nia njema ya kutopoteza mvuke, huacha kutoa maji baada ya muda. Limejaa gesi. Mwisho wa bomba, upande huohuo wa tangi, unahitaji kitundu kidogo cha kupumulia ili gesi zitoke.

Kitundu hicho kiwe mahali pa wazi, kamwe kisiwe ndani ya chumba au shimoni. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa na hutuama kwenye mabonde na mashimo. Mtu anayeinama humo anaweza kuzimia kabla hajahisi lolote.

Je, yanafaa kunywewa?

Hapa ndipo pande zinapoanza kuvutana.

Wanaoyatetea maji ya mvuke wana hoja nzito, nayo ni floraidi. Maji mengi ya ardhini katika Bonde la Ufa yana floraidi iliyopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wa Nakuru na Naivasha ni ushahidi unaotembea, na katika hali mbaya mifupa nayo hupinda. Upande wa Tanzania, Arusha na Meru, shida ni ileile, hata kukaanzishwa kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinachoshughulikia uondoaji wa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Maji yanapochemka, chumvi kama hizo kwa kawaida hubaki nyuma kwenye kimiminika, na mvuke unapanda bila ya kuzibeba. Mlima unafanya kazi ya kuchuja ambayo kwingine inalipiwa.

Wenye wasiwasi nao hawasemi ovyo. Si kila kitu hubaki nyuma. Mvuke wa volkano unaweza kubeba zebaki na boroni kwa viwango vinavyotofautiana kutoka tundu hadi tundu. Kaboni dioksaidi na salfidi ya haidrojeni zikiyeyuka kwenye maji huyafanya yawe na asidi kidogo, na maji ya namna hiyo, yasiyo na madini yake yenyewe, hula chuma. Bomba la zamani lenye zinki, au kiungo kilicholehemiwa kwa risasi, hutoa madini yake taratibu kwenye mtungi wa familia. Na tangi lisilo na kifuniko linaharibu kazi yote, kwa kuwa maji yaliyotona yakiwa safi huokota vijidudu palepale ndege na mbuzi wanapoyafikia.

Harufu ndiyo inayowakimbiza wageni, nayo ni tatizo dogo kuliko yote. Maji yakimwagwa kutoka chombo hadi chombo, au yakiachwa yapigwe na hewa usiku mmoja, sehemu kubwa ya salfidi ya haidrojeni huondoka.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zina haki na zote zinabishana gizani, kwa sababu jibu liko maabara na vipimo vya tundu moja havitoshi kusemea tundu jingine. Maji ya mvuke yanaweza kuwa bora kuliko ya kisima cha jirani. Yanaweza pia kuwa na zebaki. Familia inayoyanywa inapaswa kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Umeme au maji?

Mvutano wa pili ni mkubwa zaidi, na unahusu nani mwenye mvuke.

Ng'ambo ya Ziwa Naivasha, Olkaria, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Leo jotoardhi linatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na Olkaria ndiyo moyo wake. Huko nako mtonesho ndio unaoikamilisha kazi ya turbini. Mvuke ukishaizungusha huingia kwenye chumba unakonyunyiziwa maji baridi, ukatona ghafla, na ile nafasi kubwa uliyokuwa umeijaza ikabaki karibu tupu. Utupu huo unauvuta mvuke unaofuata na kuongeza nguvu ya mashine. Maji yaliyopatikana yanapelekwa kwenye minara ya kupoozea, na hapo sehemu kubwa yake hupaa tena angani ili yanayobaki yapoe vya kutosha kupokea mvuke mwingine. Kinachosalia hurudishwa ardhini.

Mtambo huo nao unahangaikia baridi, kwa kipimo kikubwa zaidi. Wahandisi wanaujua vizuri, na ujuzi wao ungemfaa sana mwenye bomba la mita 10 kule juu.

Wanaopigania umeme wanasema mvuke ni mali ya taifa. Kisheria wana hoja: Sheria ya Kawi ya 2019 inaiweka rasilimali ya jotoardhi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Sheria hiyohiyo inaagiza mrabaha unaolipwa kwa rasilimali hiyo ugawanywe, asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo. Wenyeji wana Katiba, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha.

Hofu yao ni kwamba uchimbaji ukipanuliwa matundu yao yatakufa. Historia inatoa majibu mawili kwa pamoja. Wairakei, New Zealand, umeme wa jotoardhi ulipoanza kuzalishwa mwaka 1958, shinikizo chini ya ardhi lilishuka, na chemchemi za maji moto za bonde maarufu la karibu zikakauka. Lakini kilomita chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa Karapiti, mvuke uliongezeka sana, kwa kuwa maji yaliyopungua shinikizo yalichemka zaidi. Hivyo kuchimba kunaweza kuua tundu moja na kulifufua jingine. Anayewaahidi wananchi kwamba hakuna kitakachobadilika hawaambii ukweli, na anayewatisha kwamba yote yatakauka hali kadhalika.

Linalowezekana, na ambalo halihitaji utafiti mpya, ni kupima sasa. Matundu yanayotegemewa na watu yaorodheshwe, joto na kiasi cha maji yake yaandikwe kila mwezi, kabla ya kisima kipya kuchimbwa. Pasipo kumbukumbu hiyo, siku tundu likinyamaza kila upande utakuwa na hadithi yake na mwananchi hatakuwa na ushahidi.

Kazi ya wiki moja

Wapo wanaoona kwamba kuyaboresha mabomba haya ni kuwabakiza watu wa Eburru kwenye maji ya kudondoka, na kwamba wanastahili mfereji nyumbani kama raia wengine. Naikubali hoja hiyo kwa moyo wote. Lakini mfereji umeahidiwa katika sehemu nyingi za nchi hii na bado unasubiriwa, na watoto wanakunywa maji leo. Bomba lililopakwa rangi nyeupe halimzuii mtu yeyote kuleta mfereji kesho.

Kinachohitajika kwa mtambo mmoja ni vitu vya duka la vifaa vya ujenzi: mita 20 za bomba, vigingi, rangi, tangi lenye kifuniko na koki, kitundu cha kupumulia gesi, na ua wa kuwazuia watoto na mbuzi wasisogelee mdomo wa tundu. Fundi wa kijiji anaweza kuumaliza mtambo huo ndani ya wiki moja akionyeshwa mara moja. Asilimia 5 ya mrabaha, kidogo kama ilivyo, ina mahali pazuri pa kuanzia.

Kaunti ya Nakuru ipeleke chupa za sampuli Eburru kabla ya kiangazi kijacho, na kaunti zinazoigawana Suswa zifanye vivyo hivyo. Maji ya kila tundu linalotumiwa yapimwe floraidi, zebaki, boroni, risasi na vijidudu. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya chifu, tundu kwa tundu, ili mama anayebeba mtungi ajue anachowapelekea watoto wake. Na KenGen, yenye wahandisi wanaopoza mvuke kila siku, iwatume wawili kati yao wapande mlima wakae na mafundi wa mabomba.